Kabla ya Kuchimba Msingi: Usharika na Majengo ya Kupangisha

Sharika zetu nyingi zina ardhi. Viwanja vingine vilitolewa na wazee wetu miaka mingi iliyopita kando ya njia ya miguu, na leo njia ile imekuwa barabara ya lami yenye kituo cha daladala. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika maombi ya miradi yanayofika kwenye ofisi za dayosisi, ombi la kujenga fremu za maduka, vyumba vya kupanga, hosteli au ukumbi halikosekani. Nia yake ni njema. Usharika unataka kumlipa mwinjilisti, kusaidia wajane na kulipa ada za watoto yatima bila kutegemea sadaka ya Jumapili peke yake, wala kungoja mfadhili wa nje kila mwaka.

Pamoja na hayo, upo upande wa pili ambao kila mmoja wetu ameuona. Ni boma lililofika kwenye lenta likasimama, nondo zikaota kutu na majani yakaota sebuleni. Fedha iliyolala pale si fedha ya hewani. Ni kuku, mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi yaliyonadiwa baada ya ibada. Ni mchango wa mama aliyetoa shilingi elfu mbili akiamini kwamba mwaka ujao mradi utazaa.

Makala haya yanakusudia kuzisaidia kamati za sharika, pamoja na marafiki wanaotuchangia, kufanya uamuzi kabla fedha haijatoka. Jambo kuu ni hili: kikao kisianze na swali la "tujenge nini?" Kianze na swali la "baada ya gharama zote kitabaki nini, na nani atakilipa?" Ili tusichanganye maneno, fedha anayotoa mpangaji tutaiita pango, na neno kodi tutaiachia Serikali.

1. KIWANJA NI CHA NANI?

Ni vyema ikumbukwe kwamba nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001 pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Anachopata mtu au taasisi ni haki ya kuitumia ardhi kwa muda na kwa masharti. Kwa viwanja vya mijini, hati huwa ya miaka 33, 66 au 99.

Kutokana na hilo, kamati itafute majibu ya maswali manne.

Kwanza, hati iko kwa jina la nani? Usharika peke yake si mtu mbele ya sheria. Chombo cha kanisa kinachoweza kumiliki ardhi, kushitaki na kushitakiwa ni Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Pale ambapo kiwanja bado kiko kwa jina la mzee aliyekitoa, au kwa jina la mchungaji wa zamani, kazi ya kwanza ya mradi ni kukihamishia kwa wadhamini. Mzee akifariki, watoto wake wanaweza kuwa hawajui lolote kuhusu neno alilolisema kanisani mwaka 1978. Kiwanja kitupu kinaweza kukaa bila ugomvi kwa miaka mingi. Kikianza kuingiza fedha, wenye madai hujitokeza.

Pili, hati inasema ardhi itumike kwa kazi gani? Kiwanja kilichopangwa kwa ibada au makazi hakiwi cha biashara kwa sababu kamati imepiga kura. Maombi ya kubadili matumizi hupelekwa kwenye mamlaka ya mipango miji ya halmashauri. Hayo yafanyike kabla ya kumlipa mchora ramani.

Tatu, kuna deni au zuio lolote? Kwa ardhi iliyosajiliwa, kamati iombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Karatasi ya upekuzi huonyesha mmiliki ni nani na kama hati imewekwa rehani. Ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara inayoweza kuzuiwa.

Nne, kiwanja kimeingia kwenye hifadhi ya barabara? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kutoka mita 22.5 za awali. Sehemu nyingine hifadhi ni pana kuliko hiyo. Mwaka 2017 majengo mengi kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara jijini Dar es Salaam, yalibomolewa kupisha upanuzi. Fremu zinazogusa lami huvutia wateja, lakini ndizo za kwanza kupigwa alama ya X. Kamati imwombe mpima ardhi aonyeshe mpaka kwa vigingi, si kwa kunyoosha kidole.

2. NANI ATAPANGA?

Baada ya ardhi, tutafute mpangaji. Tunasema tumtafute sasa, wakati jengo halijaanza. Wajumbe wawili au watatu wachukue Jumamosi mbili na daftari, wazunguke eneo lote linalozunguka kiwanja. Wahesabu fremu zilizopo na zilizofungwa. Wawaulize wapangaji wanalipa pango kiasi gani kwa mwezi, na kama wamelipa miezi mitatu, sita au mwaka. Wamwulize dalali wa mtaa ni aina gani ya chumba huulizwa kila siku na ni ipi inayokaa wazi. Dalali anajua yale ambayo mshauri wa mbali hawezi kuyajua.

Mara nyingi majibu huishangaza kamati. Eneo lenye fremu nyingi tupu linaweza kuwa na uhaba wa chumba na sebule chenye choo ndani na mita yake ya LUKU. Eneo jingine linahitaji stoo ya mazao tu. Tusijenge fremu kwa sababu usharika wa jirani umejenga fremu.

Tujihadhari pia na mradi unaomtegemea mteja wa aina moja. Mifano ipo wazi. Mwezi Aprili 2017 zilizinduliwa hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840. Mtu aliyekuwa amepiga hesabu za hosteli yake ya jirani mwaka 2015, bila kuuliza chuo kina mpango gani, hesabu zake zilibadilika kwa siku moja. Mwezi Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vikafunguliwa Juni mosi. Kwa miezi hiyo hosteli zilibaki na vitanda vitupu huku mlinzi akiendelea kudai mshahara. Vivyo hivyo, kuanzia mwishoni mwa 2015 Serikali ilipoziagiza taasisi zake kubana matumizi na kufanyia mikutano kwenye kumbi za umma, kumbi za kukodisha zilizoishi kwa semina ziliumia.

Jambo jingine ni msimamo wetu wenyewe. Kama usharika hautaruhusu baa, duka la pombe au mchezo wa kubahatisha kwenye jengo lake, hilo ni haki yake, lakini liamuliwe mapema na liingie kwenye hesabu. Kuna barabara ambazo baa ndiyo ingelipa pango kubwa kuliko wote. Tusiweke kwenye karatasi pango ambalo dhamiri yetu haitaturuhusu kulipokea.

3. HESABU ISIYOJIDANGANYA

Tuchukue mfano. Huu ni wa kubuni kwa ajili ya kujifunzia, na kila kamati iweke tarakimu za mahali pake.

Usharika una kiwanja na akiba ya shilingi 20,000,000. Unataka kujenga fremu 6, na makadirio yanaonyesha kila fremu itagharimu shilingi 10,000,000. Jumla ni shilingi 60,000,000. Pango la eneo hilo ni shilingi 120,000 kwa mwezi.

Hesabu inayosomwa kwenye vikao vingi huwa hii: fremu 6 mara 120,000 mara miezi 12 ni shilingi 8,640,000 kwa mwaka. Milioni 60 ukigawa kwa hizo, fedha itarudi ndani ya miaka 7. Watu hupiga makofi, na mradi hupitishwa.

Sasa tuifanye upya.

Fremu hazijai mwaka mzima. Mpangaji mmoja huhama, mwingine hufilisika, mwingine hudaiwa miezi miwili. Tukikadiria kwamba kila fremu itakosa pango miezi 2 kwa mwaka, tunaondoa shilingi 1,440,000. Zinabaki 7,200,000.

Kisha yapo matumizi:
- Matengenezo ya rangi, bati, milango na choo: 600,000
- Mlinzi na usafi, 100,000 kwa mwezi: 1,200,000
- Kodi ya ardhi, kodi ya majengo, bima na ada nyingine: 400,000
- Usimamizi, vitabu na ukaguzi wa hesabu: 500,000

Jumla ya matumizi ni 2,700,000. Kinachobaki ni shilingi 4,500,000 kwa mwaka, na bado hatujagusa kodi ya mapato. Hiyo ni asilimia 7.5 ya milioni 60. Fedha haitarudi baada ya miaka 7, bali baada ya miaka 13 na zaidi.

Hesabu hii haisemi kwamba mradi ni mbaya. Inasema mradi ni huu, na si ule uliopigiwa makofi. Jengo lina faida ambazo hazionekani hapa. Pango linaweza kupanda, thamani ya kiwanja inaweza kuongezeka, na jengo likitunzwa litawafaa wajukuu. Lakini ili tujue kama asilimia 7.5 inatutosha, lazima tuilinganishe na kitu kingine.

Benki Kuu ya Tanzania huuza hatifungani za Serikali kwa mnada, na taasisi inaweza kushiriki kupitia benki au wakala aliyeruhusiwa. Tangu mwaka 2021 zipo hata za miaka 25, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Kamati iulize benki riba ya wakati huo ni ngapi. Ikiwa, kwa mfano, ni asilimia 12, milioni 60 zingeleta shilingi 7,200,000 kwa mwaka bila mlinzi, bila rangi na bila dalali. Hata hivyo hatifungani haipandi thamani kama ardhi ipandavyo, na riba yake iliyopangwa leo itanunua vitu vichache baada ya miaka 20. Kila njia ina uzuri na upungufu wake. Kosa ni kuamua bila kuziweka meza moja.

4. KODI ZA SERIKALI

Baadhi ya wajumbe hudhani kwamba kwa kuwa mwenye jengo ni kanisa, hakuna kodi. Sivyo. Sheria za kodi hazilitazami jengo la ibada na jengo la pango kwa jicho moja. Kamati ijue angalau mambo haya matatu:

(a) Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kutoka kwenye pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Usharika usishangae kupokea 108,000 badala ya 120,000, na udai cheti cha makato hayo.

(b) Mkataba wa upangaji hulipiwa ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa huweza kukataliwa mahakamani siku unapohitajika.

(c) Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mwenye wajibu ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Mkataba useme ni nani ataibeba, ili pasiwe na manung'uniko.

Mtunza hazina wa usharika aende TRA mapema na kueleza mradi wote. Ni afadhali kujua kiasi wakati hesabu bado iko kwenye karatasi.

5. FEDHA ITOKE WAPI?

Usharika wa mfano wetu una milioni 20 na unahitaji 60. Njia ziko nne.

Njia ya kwanza ni mkopo wa benki. Katika miaka ya 2022 hadi 2024 wastani wa riba za mikopo ya benki hapa nchini ulikuwa karibu asilimia 16. Mkopo wa milioni 40 kwa asilimia 16 unadai riba ya shilingi 6,400,000 katika mwaka wa kwanza. Fremu zote sita zinabakiza 4,500,000. Pango halitoshi kulipa hata riba, achilia mbali deni lenyewe. Tofauti itatoka wapi? Itatoka kwenye sadaka. Hapo mradi uliokusudiwa kulisaidia kanisa utakuwa unalishwa na kanisa. Tukumbuke pia kwamba benki itashika hati kama rehani. Deni likishindikana, sheria inairuhusu kuuza. Kama kanisa na fremu viko kwenye hati moja, kilichowekwa rehani ni vyote viwili. Hati ya kiwanja chenye nyumba ya ibada isiwekwe rehani kwa ajili ya maduka. Pale inapobidi kukopa, viwanja vitenganishwe kwanza.

Njia ya pili ni mfadhili au usharika rafiki. Hapa hakuna riba, lakini si bure. Milioni 40 zilizotolewa kwa fremu ni milioni 40 ambazo hazikwenda kwenye kisima au zahanati. Kwa hiyo hesabu ileile iandikwe na kutumwa. Aidha, marafiki wetu wa nje wafahamu kwamba kwa sheria zetu asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu maalumu. Anachotoa rafiki ni mchango, na jengo litakuwa la wadhamini.

Njia ya tatu ni mpangaji kujenga mwenyewe kisha kujikata kwenye pango. Njia hii imeenea sana mijini. Mpangaji akijenga fremu kwa milioni 10 na pango ni 120,000, atakaa miezi 83, yaani karibu miaka 7, bila kulipa kitu. Usharika hautoi fedha, ila unatoa miaka. Mambo ya kulindwa ni haya: gharama ithibitishwe na mkadiriaji majenzi asiye wa upande wowote, kwa kuwa mpangaji akiandika milioni 15 amejiongezea zaidi ya miaka 3, ramani iwe ya usharika, pango liwe na utaratibu wa kupitiwa, na iandikwe nani atafanya matengenezo. Vilevile ikatazwe kumpangisha mtu mwingine na kupokea kilemba bila idhini, la sivyo mwenye jengo hatamjua anayeishi ndani yake.

Njia ya nne ni kujenga kwa awamu. Kwa milioni 20 zilizopo, zijengwe fremu 2 na kukamilika kabisa: bati, sakafu, umeme, choo, mlango. Pango la mwaka ni 2,880,000. Tukiondoa miezi miwili ya kukosa pango na matumizi ya shilingi 700,000, kwa kuwa mlinzi wa kanisa anatosha, zinabaki 1,700,000. Kwa fedha hiyo pekee itachukua karibu miaka 6 kujenga fremu ya tatu. Ni mwendo wa pole, lakini hakuna deni, na kila harambee itaufupisha. Zaidi ya hayo, usharika utakuwa umejifunza kama eneo lina wapangaji kweli, na kama wajumbe wake wanaweza kusimamia. Fremu mbili zenye wapangaji ni bora kuliko sita zilizoishia kwenye lenta.

6. UJENZI USIOLETA MSIBA

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa kwenye mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Fremu zetu si maghorofa, lakini somo ni moja. Kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kipatikane kabla ya kuchimba. Ramani ichorwe na mtaalamu aliyesajiliwa. Mkandarasi awe na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Fundi ambaye ni Mkristo mwenzetu apimwe kwa kazi yake aliyokwisha kuifanya, na alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa. Kama msingi umekusudiwa kubeba ghorofa siku za usoni, mhandisi aseme hivyo kwa maandishi. Kuongeza ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini ni kuhatarisha watu.

Vilevile kamati itenge walau sehemu moja ya kumi ya makadirio kwa ajili ya mabadiliko ya bei. Saruji na nondo hazingoji harambee ya pili.

7. KUISHI NA WAPANGAJI

Jengo likikamilika, kazi ndiyo inaanza. Mambo yafuatayo yamekuwa yakileta shida zaidi ya tofali na saruji:

Mkataba. Kila mpangaji awe na mkataba wa maandishi wenye kiasi cha pango, muda, matumizi ya chumba, nani anarekebisha nini, na notisi ya kuondoka. Usainiwe na wale waliopewa mamlaka na Bodi ya Wadhamini, si na mwenyekiti wa kamati kwa kuwa yuko karibu.

Mpangaji ambaye ni msharika. Huyu ndiye mgumu kuliko wote. Akidaiwa miezi minne, wazee humwonea haya kwa kuwa anaimba kwaya. Kanuni iandikwe mapema kwamba mpangaji ni mpangaji. Kama usharika unataka kumsaidia ndugu aliyepatwa na shida, umsaidie kutoka mfuko wa diakonia kwa uwazi, si kwa kulisahau deni lake la pango.

Mjumbe mwenye maslahi. Mjumbe anayetaka kupanga, au ambaye ndugu yake ni mkandarasi, aseme hivyo na atoke nje ya kikao wakati wa uamuzi.

Fedha. Pango lilipwe benki au kwa simu kwenye namba ya taasisi, kamwe lisilipwe mkononi wala kwenye simu ya mtu binafsi. Akaunti ya mradi iwe peke yake, na kila robo mwaka washarika wasomewe kilichoingia, kilichotoka na kinachodaiwa.

Mgawanyo. Iamuliwe kabla ya pango la kwanza kwamba sehemu fulani ni ya huduma, sehemu ni ya kuendeleza mradi, na sehemu ni akiba ya matengenezo isiyoguswa. Pasipo hilo, kila shida ya usharika italila pango, na baada ya miaka kumi bati litavuja pasiwe na shilingi ya kulibadilisha.

8. NENO KWA WANAOTUCHANGIA

Marafiki wa ndani na nje wana nafasi kubwa ya kutusaidia kuamua vizuri. Mfadhili anayesema "leteni ombi kabla ya mwisho wa mwezi" anaisukuma kamati kuandika tarakimu asizozifanyia kazi. Ni heri msaada wa kwanza uwe mdogo: gharama za mpima ardhi, upekuzi, mchora ramani na mkadiriaji. Ni heri pia kukubali mapema kwamba jibu la kazi hiyo linaweza kuwa "tusijenge", na kwamba jibu hilo si kushindwa. Picha ya jengo jipya hupendeza kwenye ripoti. Tunaomba mtuulize zaidi habari za mwaka wa tano: je, wapangaji wapo, na pango limefanya nini?

9. KUFIKIA UAMUZI

Katika Injili ya Luka sura ya 14 Bwana anataja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye anapaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuhesabu hakupunguzi imani, ni sehemu ya uaminifu.

Tunazishauri kamati zote zisipige kura kabla ya kuwa na karatasi moja yenye majibu haya:

1. Hati iko kwa jina la wadhamini, na matumizi yanaruhusu biashara?
2. Mpaka umeonyeshwa kwa vigingi, nje ya hifadhi ya barabara?
3. Tumezungumza na wapangaji na madalali wangapi, na pango halisi ni kiasi gani?
4. Baada ya miezi mitupu, matumizi na kodi, kitabaki nini kwa mwaka?
5. Fedha hiyohiyo ingeleta nini kwingine?
6. Kama pango likikosekana miezi sita, nani atalipa, na tutapoteza nini?
7. Nani atasimamia kila mwezi, kwa jina?

Majibu yakisomwa mbele ya Baraza la Wazee, uamuzi utakuwa mmojawapo wa mitatu. Kujenga sasa, pale ambapo ardhi ni safi, wapangaji wapo na fedha ipo. Kujenga kwa awamu, pale ambapo wapangaji wapo lakini fedha haitoshi. Au kutojenga kwa sasa. Uamuzi huu wa tatu hauna maana ya kukaa bure. Kiwanja kinaweza kukodishwa kama maegesho, sehemu ya kuuzia mbao au bustani ya miche, kwa mkataba mfupi unaoeleweka, huku hati ikirekebishwa na akiba ikikua.

Dayosisi nyingi zina maofisa wa mipango ambao wako tayari kukaa na kamati na kuipitia karatasi hiyo mstari kwa mstari. Tunaomba mtuite mapema, kabla ya mchanga kumwagwa kiwanjani. Lori la mchanga likishafika, ni vigumu sana kwa mzee wa kanisa kusimama na kuuliza swali la nne.